Mtoto wa Mkulima Hafundishwi Kilimo kwa Gundi

Wazazi waliokuwa na watoto wa Gredi ya 4 mtaala mpya ulipoingia bado wanaikumbuka ile ya sanamu. Somo la Kilimo lilitaka watoto watengeneze sanamu la kutishia ndege na wanyama wadogo wanaoharibu mimea. Mitandao ikajaa picha: sanamu lenye kofia ya babu, shati kuukuu, suruali iliyoshindiliwa nyasi, na kando yake mzazi aliyechoka, maana yeye ndiye aliyekesha akishona. Kenya nzima ikacheka, kisha ikalalamikia gharama, kisha ikasahau.

Nataka tulirudie sanamu hilo, lakini si kwa sababu ya mzazi wa Kasarani aliyeharibu shati lake. Nataka tulifuate hadi Kakuma na Kalobeyei, Turkana Magharibi, ambako shule za wakimbizi zinafuata mtaala huuhuu wa Kenya. Huko pia kuna Gredi ya 4. Huko pia kuna somo la Kilimo, na huko pia watoto hugawanywa vikundi vya watano au kumi, wakapewa karatasi za manila, gundi, vitambaa na mbegu za kubandika, wakaambiwa washirikiane kutengeneza shamba la kwenye karatasi. Kazi ikiisha inatundikwa ukutani. Akipita mgeni mwenye kamera na koti la shirika, watoto wanasimama mbele yake na kutabasamu.

Wengi wakiiona picha hiyo wanasema, jamani, vitoto vinajifunza. Mimi nasema picha hiyo ina matatizo mawili, na yote mawili ni makubwa kuliko gundi. Kwanza, anayefundishwa mara nyingi anajua kuliko anayemfundisha, na hakuna aliyemuuliza. Pili, anafundishwa kitu ambacho sheria zetu zimehakikisha hatakifanya akikua. Mradi unaofunika mambo haya mawili ni dharau iliyopakwa rangi za maji.

Tuanze na la kwanza.

Ni nani huyu anayekaa katika darasa la Kakuma? Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita Sudan. Leo, ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, pana watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Burundi ni nchi ya wakulima, na familia nyingi zilizotoka huko zilikuwa zikiishi kwa maharagwe, mihogo, ndizi na mchele. Wakongomani wa Uvira na bonde la Ruzizi wanajua mpunga na mihogo. Watu wa Equatoria wanajua mtama, karanga na ufuta. Wasomali Wabantu wa bonde la Juba wamelima kando ya mto kwa vizazi. Mtoto wa Gredi ya 4 huenda alizaliwa kambini na hajawahi kuona mto huo, sawa. Lakini nyumbani kwake yupo mama, nyanya au mjomba anayeujua udongo kwa kuugusa tu.

Sasa mfikirie mtoto huyo akirudi nyumbani na kazi ya shule: tengenezeni sanamu la kutishia ndege. Nyanya yake atafanya nini? Atacheka, kama ana adabu atacheka kimya kimya. Kwa sababu nyanya anajua jambo ambalo mtihani hauulizi: ndege si wajinga. Ukiliweka sanamu leo, ndege wanaogopa. Kesho wanalitazama. Baada ya siku kadhaa wamelikalia kichwani. Mkulima anayelitumia hulihamisha, hulibadilisha nguo, hulifunga kitu kinachopiga kelele, na bado hawezi kuliachia shamba likae peke yake.

Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili. Tuna kitenzi kizima cha kazi hii: kuamia. Kuamia ni kulinda mimea isiliwe na ndege, na anayeamia ni mtu, mara nyingi mtoto, si tambara. Tuna ulingo, wengine huuita dungu, lile jukwaa la miti analopanda mwamiaji ili aone shamba lote. Tuna kombeo la kurushia mawe. Maneno haya hayakuzaliwa katika kamusi. Yalizaliwa na watu walioamka alfajiri mtama ulipoanza kukomaa na wakashinda juani hadi magharibi, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa. Na walikuwa na sababu. Ndege mmoja wa aina ya kwelea kwelea hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Inaonekana kidogo. Sasa pigia hesabu kundi la ndege milioni mbili: hizo ni tani 20 kwa siku moja. Waulize wakulima wa mpunga wa Kisumu.

Hilo ni somo. Lina biolojia, lina hesabu, lina historia ya kazi ya watoto na swali gumu la nani aliyekosa shule ili tumbo lijae. Lingeweza kufundishwa darasani Kakuma na mtu anayeishi mita mia mbili kutoka shuleni. Badala yake tunachukua mkasi na gundi, tunamwonyesha mjukuu wake sanamu lisilo na shamba la kulinda, na tunampa alama kwa unadhifu.

Simlaumu mwalimu. Kakuma, darasa la watoto mia moja na zaidi si ajabu. Mwalimu mwenyewe mara nyingi ni mkimbizi anayelipwa posho ndogo kuliko mshahara wa mwenzake Mkenya kwa kazi ileile. Ameletewa mtaala, ameletewa boksi la vifaa, ameambiwa aripoti. Karatasi ya manila inaripotika. Maarifa ya nyanya hayaripotiki. Tatizo liko juu yake, kwa wanaopanga miradi wakiamini kwamba mtoto mhamiaji ni chombo kitupu kilichosafiri kutoka mbali ili kije kujazwa.

Na usidhani hili ni la Kakuma pekee. Mtoto aliyehamia Mukuru kutoka Vihiga au Kitui muhula uliopita anafika darasani akijua kupanda, kupalilia na kukama, na kitu cha kwanza anachojifunza Kanairo ni kuficha hayo yote. Akisema anajua kukama anaitwa mtu wa ushago. Wiki mbili baadaye darasa lile lile linafanya mradi wa ng'ombe wa boksi la katoni, na aliyewahi kukama kweli anakaa nyuma akishikilia mkasi wa wenzake. Sisi wenyewe tulilelewa tukijua kwamba shambani ni mahali pa adhabu. Ukichelewa, fyeka nyasi. Ukipiga kelele, chota maji umwagilie miti ya mwalimu mkuu. Halafu tunashangaa kwa nini vijana hawataki kulima. Mwaka 2021 serikali ikafufua vilabu vya 4K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, kana kwamba kilichopotea ni wimbo na beji.

Sasa la pili, na hapa ndipo kicheko kinapoisha.

Hebu tuseme mradi umefaulu. Mtoto wetu wa Kakuma amependa kilimo. Amefaulu Gredi ya 6, ameingia sekondari ya chini, amesoma udongo, mbolea, umwagiliaji, kila kitu. Ana miaka 20 na anataka kulima. Atalima wapi?

Katiba ya 2010, ibara ya 65, inasema asiye raia wa Kenya anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Sawa, akodi. Lakini ipo sheria nyingine ya zamani, ile ya kudhibiti ardhi ya kilimo ya mwaka 1967, inayofanya kazi katika maeneo yaliyotangazwa kuwa chini yake. Humo, bodi ya ardhi imeagizwa ikatae idhini pale ardhi ya kilimo inapouzwa, inapohamishwa au hata inapokodishwa kwa mtu asiye raia. Haisemi bodi ifikirie. Inasema ikatae. Atakayetaka vinginevyo atafute msamaha wa Rais. Tajiri wa kigeni mwenye wakili ana njia zake za kulitatua hilo. Kijana aliyezaliwa Kakuma hana wakili, na uraia wa nchi aliyozaliwa pia hana.

Tena hata kufika kwenye hiyo ardhi ni shida. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, ni afadhali kuliko ile iliyoitangulia, na inagusia haki ya kufanya kazi. Lakini bado mkimbizi anatakiwa kukaa katika eneo alilopangiwa na kuomba kibali akitaka kutoka. Mkulima anayehitaji kibali kwenda kununua mbegu Kitale ni mkulima wa aina gani?

Kwa hiyo tunamfundisha mtoto jinsi ya kulinda shamba ambalo sheria inamnyima. Tunamwambia achore mahindi, abandike maharagwe, atengeneze sanamu, na hatumwambii kwamba kwa mipangilio ya sasa hilo sanamu ndilo shamba lake lote.

Wakati huohuo, chakula chake kinatoka wapi? Kwa miaka mingi kimetoka kwenye mgao, na tangu 2015 sehemu yake imekuwa ikija kwa simu, kwa mpango uliopewa jina la Bamba Chakula. Jina la mtaani kabisa, linachekesha hata. Lakini chakula cha kubamba hakishikiki pale anayekitoa anapoamua kufunga mfuko. Mwaka 2025 misaada ya kigeni ilipokatwa, mgao wa Kakuma ukapunguzwa vibaya na watu wakaingia barabarani kuandamana. Hapo ndipo unapoona somo la Kilimo si mchezo wa darasani. Mtu anayeweza kulima na hana ruhusa ya ardhi ni mtu ambaye njaa yake inapangwa na bajeti ya nchi ambayo hajawahi kuiona.

Mtu ataniambia: hivyo ndivyo ilivyo duniani, wakimbizi hawapewi ardhi. Si kweli. Hebu tuangalie majirani.

Uganda imekuwa ikiwagawia wakimbizi vipande vya ardhi kwa miongo mingi, Nakivale na kwingineko. Vipande vimepungua kadiri watu walivyoongezeka, na vingine havitoshi hata kulisha familia, lakini msingi upo: mtu akifika, anapewa mahali pa kushika jembe. Tanzania iliwapa Warundi waliokimbia mwaka 1972 ardhi ya kulima huko Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakalima, wakajilisha, wakauza ziada, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Tanzania hiyohiyo imewabana sana Warundi waliokuja baadaye, sitaki kuipamba. Lakini ilionyesha kwamba inawezekana, na iliifanya ikiwa nchi maskini kuliko Kenya ya leo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Wasomali Wabantu. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliotekwa karne ya 19 kutoka sehemu ambazo sasa ni Tanzania na Msumbiji, wakapelekwa Somalia kama watumwa. Baadhi yao bado wanazungumza Kizigua. Vita vilipoanza Somalia 1991 walikimbilia Kenya, wakawekwa Dadaab. Mwaka 2002 maelfu wakahamishiwa Kakuma kusubiri safari ya Marekani. Zaidi ya miaka kumi katika kambi zetu, watu ambao kilimo ni kazi yao ya mababu, wakisubiri mgao. Waliobahatika kufika Handeni, Tanzania, walipewa makazi na mashamba Chogo, kisha uraia. Waliopelekwa Marekani wakatapakaa hadi jimbo la Maine, kule kwenye theluji, na huko jumuiya yao ikaanzisha shamba la pamoja, Liberation Farms, ambako wanalima mahindi na mboga. Yaani mkulima wa Juba alilazimika kuvuka bahari hadi kwenye baridi ya kugandisha maji ndipo apate mahali pa kupanda mahindi. Kenya ilikuwa na jua. Kilichokosekana ni nia.

Najua hoja zinazokuja. Tuzichukue moja moja.

Ya kwanza: kazi ya mikono ya pamoja inaleta umoja. Watoto wa Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kirundi na Kiturkana wakikaa meza moja wakikata karatasi, wanajifunza kuishi pamoja, na waliopitia vita wanapata nafuu. Nakubali, na sisemi kwa shingo upande. Mikono ikishughulika, kichwa kinapumzika. Lakini kwa nini umoja huo ujengwe juu ya kitu kisichofaa kitu? Kama ni kushirikiana, watoto kumi wanaweza kushirikiana kusuka kihenge cha kuhifadhia mtama. Wanaweza kusuka uteo. Wanaweza kujenga ulingo. Wanaweza kuchimba vitalu vilivyozama vinavyoshika maji, vile ambavyo familia kadhaa za Kalobeyei tayari zinapandia mboga. Hizo zote ni kazi za mikono. Tofauti ni kwamba baada ya kuzimaliza kuna kitu kimebaki, na anayejua kukifanya anaonekana mbele ya wenzake kuwa anajua.

Ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: wewe unataka kumrudisha mtoto mkimbizi shambani. Wakoloni walifanya hivyohivyo. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza Mwafrika afundishwe kilimo na kazi za mikono, na wazee wetu wakaelewa mara moja maana yake: watoto wa Wazungu wasome vitabu, wenu washike jembe. Ndiyo sababu Wakikuyu walianzisha shule zao za kujitegemea, wakidai Kiingereza na elimu kamili. Hata Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na kutaka kila shule iwe na shamba, wazazi kadhaa walinung'unika kwamba watoto wanageuzwa vibarua.

Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo maana naipinga karatasi ya manila. Angalia vizuri kile wazee walichokataa. Waliona mkoloni amechukua ardhi yao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anawapa somo la kilimo. Walikuwa wakulima tayari, hawakuhitaji kufundishwa jembe na mtu aliyewanyang'anya shamba. Sasa niambie, tunachofanya Kakuma kina tofauti gani? Somo lipo, ardhi haipo. Mimi sisemi mtoto wa mkimbizi asome kilimo tu. Asome fizikia, asome sheria, asome kompyuta, akitaka kuwa rubani awe rubani. Lakini kama tumeamua kumfundisha kilimo, na mtaala umeamua hivyo, basi tumfundishe kama mtu atakayelima, na tumpe haki ya kulima au kutolima. Anayelazimishwa kulima hana uhuru. Anayekatazwa kulima pia hana.

Ya tatu: Turkana ni kukavu, na ardhi ni ya Waturkana. Hii haipuuzwi. Mvua ni chache, mto Tarach hupita Kakuma ukiwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na ukija na maji unakuja na mafuriko. Waturkana wana haki ya kuuliza kwa nini mgeni agawiwe ardhi wakati wao wenyewe mashirika yamewakumbuka nusunusu. Lakini wale wanaosema Turkana hakulimwi hawaijui Turkana. Wanawake wa Kiturkana wamepanda mtama unaokomaa upesi kando ya Turkwel na Kerio tangu enzi, wakivizia maji ya mafuriko yakipungua. Wao ndio wanaojua kulima pale penye ukame. Basi hao ndio walimu wa kwanza. Mkongomani anayejua mpunga wa Ruzizi hawezi kuuhamishia Kakuma. Itabidi ajifunze kwa mama wa Kiturkana mtama wa siku chache. Na mama huyo alipwe kwa kufundisha, kwa jina lake, si kwa sabuni na fulana.

Hapo ndipo mradi wa pamoja unapata maana. Wenyeji wanashika nini? Maarifa ya mahali. Wageni wanashika nini? Mbegu walizozoea, mbinu za kwao, mikono. Shule inashika nini? Kipimo, daftari, hesabu. Mtoto apewe kazi ya kwenda nyumbani kuuliza: kwetu mbegu zilihifadhiwaje? Mmoja atarudi na jibu la kibuyu kilichozibwa kwa jivu. Mwingine atasema zilitundikwa juu ya moshi wa jikoni ili wadudu wasizile. Wa tatu atasema nyanya alizichanganya na majani fulani na jina la Kiswahili halijui. Darasa lijaribu zote tatu, lihesabu baada ya miezi mitatu mbegu ngapi zimeota katika kila ishirini. Hiyo ni sayansi, na imetoka nyumbani kwao. Haihitaji boksi la vifaa kutoka Nairobi. Mama wa Kiturkana anayesuka vikapu kwa makuti ya mkoma aonyeshe watoto jinsi ya kusuka chombo cha kubebea hizo mbegu, na chombo hicho kitumike mpaka kichakae.

Na sanamu? Watengeneze pia, wakitaka. Lakini walisimamishe penye mimea, wakae chini, wahesabu ni siku ngapi ndege wanaliogopa. Kisha wampigie nyanya magoti awaambie alichojua tangu mwanzo.

Lakini mradi mzuri wa shule peke yake hautoshi, na nisingependa mtu asome haya aende kuandika pendekezo la ufadhili la vihenge. Suala ni ardhi. Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ikiahidi kwamba kambi zitageuka makazi ya kawaida ambako wakimbizi na wenyeji wanaishi na kufanya kazi pamoja. Maneno ni mazuri. Basi tuyapime kwa vitu vinavyopimika. Je, sheria ya 1967 itarekebishwa ili anayetambuliwa kisheria kuwa mkimbizi aweze kukodi shamba la kilimo? Je, jamii za Turkana, ambazo ardhi ni yao chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, zitasajili ardhi hiyo kwanza, zikae mezani kama wenye mali, na zilipwe kodi yao bila dalali? Je, maji ya kumwagilia yatafika kwa wenyeji na wageni kwa bomba moja? Je, mkulima ataweza kwenda sokoni Lodwar au Kitale bila kuomba karatasi kama mtoto wa bweni?

Kama majibu ni hapana, basi naomba somo la Kilimo liondolewe katika shule za kambi. Kwa moyo mweupe kabisa. Tuwape watoto kipindi hicho wacheze mpira. Ni afadhali kutomfundisha mtu kuliko kumfundisha hamu ya kitu ambacho umekifungia na ufunguo unao wewe.

Wewe unayesoma haya kwenye matatu ya kwenda Rongai huenda unasema, sasa mimi nafanyaje? Unafanya jambo dogo lakini linalowakera wanaostahili kukereka. Siku picha ile ikipita kwenye simu yako, ya watoto wa Kakuma na shamba lao la karatasi, usibonyeze moyo ukaendelea. Uliza chini yake maswali matatu. Shamba lenyewe liko wapi? Ni mzazi gani aliyealikwa kufundisha, na alilipwa ngapi? Na mtoto huyu akifika miaka 20, sheria gani itamruhusu alime? Atakayekujibu, msikilize. Atakayekufungia usione ukurasa wake, basi swali limefika.

Na kama una mbunge unayemjua, au unajuana na mtu anayejuana naye, kama ilivyo kawaida yetu, mkumbushe kwamba sheria ya 1967 ilitungwa na Bunge na Bunge ndilo linaloweza kuibadilisha. Kipengele ni kimoja, na kukirekebisha hakutamhamisha Mturkana hata mmoja kwenye ardhi yake. Kutafanya tu kwamba mwenye mikono na mwenye shamba wakikubaliana, serikali isisimame katikati kukataa.